Kumtafuta Mchina wa Sindano, Ibra hadi Nizwa

Safari hii sikuipanga mimi. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini, nasomesha skuli ya wasichana Matrah, Omani, na tumefunga likizo ya nusu mwaka. Nia yangu ilikuwa nikae nyumbani, nishone mapazia, nilale mpaka jua lipande. Badala yake niliuzunguka mkoa wa Sharqiya wote na wa Dakhiliya nusu yake, baba yangu kiti cha mbele akinionesha njia asizozijua, na shangazi yangu nyuma akimbishia. Chanzo cha yote ni mgongo wa baba.

Baba, Mzee Nassor, alianza kulalamika kiuno katikati ya Ramadhani. Baada ya Idi maumivu yakashuka makalioni, yakateremka mguu wa kushoto mpaka kwenye kidole gumba. Akawa halali. Ukiamka usiku unamsikia anatembea ukumbini huku anashika kuta. Nikampeleka hospitali, wakampiga picha, na daktari, Mhindi mmoja mpole, akatueleza kwamba baina ya pingili mbili za mgongo kuna kitu kama kimto cha kuegemea, na kimto hicho kimechomoza kinabana mshipa wa fahamu wa mguu. Dawa yake kupasuliwa. Akapewa kitanda siku hiyo hiyo.

Nikatoka kumnunulia machungwa. Niliporudi nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kanzu keshavaa, kilemba keshafunga, fimbo mkononi.

"Twende zetu," akasema.

"Twende wapi, baba? Kesho unapasuliwa."

"Mimi sipasuliwi kama papai. Nataka Mchina."

Habari ya Mchina naijua tangu nina akili. Baada ya mapinduzi kule Unguja, duka la baba lilikuwa limeshakwenda, sisi tumebanana chumba kimoja kwa bibi, na baba bega lake la kulia likakataa kunyanyuka. Alikuwa hawezi hata kujikuna. Wakati huo madaktari wa Kichina walikuwa wamekuja kutibu watu, na mmoja wao, mtu mfupi mwenye miwani, alimtia baba sindano nyembamba kama unywele, begani, mkononi, na moja ajabu kabisa kwenye mguu. Alimtia siku nyingi, na bega likafunguka. Lakini baba akisimulia, haanzii kwenye bega. Anaanza kwa kusema kwamba yule Mchina alimshika mkono muda mrefu, akamtazama usoni, akamuuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mzee, lala? Kula? Moyo vipi?" Anasema mwaka ule hakuna mtu mwengine aliyemuuliza.

Basi hiyo ndiyo hoja tuliyopambana nayo, mimi, yule daktari, na muuguzi aliyekuja kumshawishi. Hatukushinda. Baba alitia dole gumba kwenye karatasi ya kuondoka kwa ridhaa yake, ingawa kusoma na kuandika anajua, kwa sababu alisema mkono wake hautaki kuandika upuuzi.

Ukiniuliza Mchina atapatikana wapi katika Omani, jibu alikuwa nalo Shangazi Zeyana, dada yake baba anayekaa Ibra. Alikuwa ameleta habari kwamba Mchina yupo. Wapi, hakusema. Alisema njooni.

Asubuhi ya pili tukashika njia. Baba alianza kabla hatujatoka Matrah. Akasema naenda mbio. Nikapunguza, akasema tutafika kesho. Gari yangu ilikuwa ndogo ya Kijapani, haina nafasi ya kunyoosha mguu, na kila nikipita kwenye tuta anavuta pumzi kwa meno. Nilimuonea huruma kwa kila tuta na nikamkasirikia kwa kila neno lililofuata.

Bidbid, pale njia ya Ibra na Sur inapoachana na ya Nizwa, tulisimama kutia petroli. Wanaume waliokaa mbele ya duka waliacha mazungumzo yao kutazama mwanamke aliyeshika usukani. Mmoja akamuuliza baba kwa Kiarabu kama hana mtoto wa kiume. Baba akamjibu, "Ninao wawili, wote wanaendesha vibaya kuliko huyu." Hilo ndilo neno zuri pekee nililolipata siku ile, na sikuambiwa mimi. Nilimnunulia chupa ya maji, akakataa. Chai, akakataa. Nikamwambia atakauka, akaniambia niangalie mbele.

Ibra tulifika kabla ya adhuhuri. Shangazi Zeyana alitupokea mlangoni, kanga begani juu ya nguo zake za Kiomani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaka, mbona unatembea kama bata?"

Tulikula wali na samaki, na baada ya kahawa nikauliza Mchina yuko wapi.

"Yupo Sur," akasema.

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani, shangazi?"

"Salma, we mwalimu, unataka kila kitu kiwe na jina na sahihi. Watu wanasema Sur kuna Mchina, anatoa mizizi, mtu anapona. Bi Asya, mke wa Rashid, anakijua kisa chake."

Nilipendekeza tuwatafute kwa simu kwanza. Baba akasema simu haitibu mgongo. Tulilala Ibra, na asubuhi nilipotoka kupangusa kioo cha gari nilimkuta shangazi ameshakaa kiti cha nyuma, kapu la mikate ya mofa mapajani. Hakuna aliyekuwa amemwalika. Akasema, "Mgonjwa haendi peke yake," kana kwamba mimi ni usukani tu.

Njia ya Sur ni ndefu, upande wa kulia unaona mchanga mwekundu wa jangwa umejipanga mpaka macho yachoke. Kwa safari nyengine ningeisifu njia ile. Lakini baba na shangazi walikuwa wanabishana kama Mchina wa Unguja alikuwa na miwani au hakuwa nayo. Shangazi hakuwahi kumuona hata mara moja. Hilo halikumzuia.

Sur tukafikia kwa Bwana Rashid na Bi Asya, watu wa Unguja, majirani zetu wa zamani wa mtaa mmoja. Walitupokea kwa halua, wakalia kidogo kama tunavyolia sote tukikutana, kisha nikauliza tena.

"Mchina?" Bi Asya akasema. "Yupo. Anafanya kazi kwenye kampuni inayojenga, nje ya mji. Jirani yangu alikuwa hoi, alipewa mzizi, sasa anapanda ngazi."

Pengine, nikasema nafsini, pengine watu wazima hawa wanajua wasemalo. Alasiri Bwana Rashid akatupeleka kambi ya kampuni. Tulisubiri getini mpaka akaja mwanamume mwenye mabega mapana, ovaroli imejaa mafuta, spana mkononi. Fundi wa mashine. Pamoja naye alikuwa Mhindi mmoja wa stoo aliyekijua Kiarabu.

Baba alijiweka sawa juu ya fimbo, akampa mkono, akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, kama anamkumbusha jambo, "Mimi nimetibiwa na ndugu yako Unguja."

Mtu yule akatutazama. Nikamgeuzia Mhindi kwa Kiarabu, naye akatafsiri alichoweza. Fundi akacheka, akajipiga kifuani. "No China! Korea! Korea!"

"Kasema si Mchina," nikamwambia baba. "Mkorea. Fundi wa mashine, baba. Wa mashine."

"Si ndiko huko huko?" shangazi akauliza.

Yule Mkorea, Mungu amjaalie, alikuwa mtu mwema. Alipoelewa kwamba mzee ana maumivu aliingia ndani akatoka na kisanduku chekundu, ndani yake mzizi uliokauka, una mikono na miguu kama mtoto. Ginseng. Mama yake alikuwa akimpelekea kutoka kwao. Alionesha kwa ishara kwamba unaukata vipande, unauchemsha, unakunywa, unapata nguvu. Kisha akaonesha mgongo wa baba, akatikisa kichwa, akasema neno moja ambalo hata bila ya Mhindi tulilielewa: hospital.

Njia ya kurudi kwa Bwana Rashid baba alikikumbatia kile kisanduku. "Umeona," akasema, "huyu ni mganga. Anaficha tu kwa sababu ya kazi."

Nilikuwa nauma mdomo wangu.

Jioni ile Bi Asya ndiye aliyekumbuka, huku anasonga sima, kwamba alikuwa amechanganya. Mkorea anatoa mizizi. Mchina wa sindano hasa, anayetia sindano mpaka miguu iliyokufa inaamka, huyo yupo Nizwa.

"Nizwa!" nikasema. "Bi Asya, tumepita Bidbid. Tungelikata kulia tungelikuwa Nizwa jana."

"Sasa mimi ningelijuaje kama mnakuja?" akasema, na hilo nalo ni kweli, kwa sababu tulikatazwa kupiga simu.

Asubuhi tukageuka. Nilitaka turudi kwa njia ya lami mpaka Bidbid, kisha tushuke Nizwa. Shangazi akasema kuna njia ya kukata, kupitia Samad mpaka Izki, na tena Samad kuna jamaa wa marehemu mumewe, itakuwa aibu kupita bila ya kuwasalimu. Baba, aliyebishana na dada yake tangu Ibra, sasa akaona wakubaliane. Njia ile wakati huo ilikuwa ya changarawe sehemu kubwa, inatetemesha mpaka meno. Kila tetemeko lilimpata baba kiunoni. Alikuwa ameacha kulalamika, na mimi, kwa uchovu wangu, nilishukuru kwa ukimya ule.

Samad tulikaribishwa kivulini, penye mitende na maji ya mfereji, falaj wanavyouita, yakipita pembeni. Mwenyeji wetu, Sheikh Humaid, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, alisikiliza habari yote ya mguu kutoka kwa baba. Alipomaliza akasema kwa Kiarabu jambo ambalo shangazi alilirudia kwa Kiswahili, kwa furaha:

"Anasema wa nini Mchina? Hapa watu wanachomwa chuma. Kitone kimoja kiunoni, kimoja kisiginoni. Babu yake alipona hivyo."

Na kweli nikaona kijiko cha chuma chenye mpini mrefu kinatolewa, na makaa yanapulizwa. Sheikh Humaid hakuwa tapeli. Alitaka kusaidia, na desturi ile ni ya siku nyingi kwao. Kilichonitoa roho ni baba. Mtu aliyekataa kisu cha daktari, ndani ya hospitali safi, na dawa ya usingizi, alikuwa anakunja kanzu yake.

"Baba!"

"Nini tena?"

"Umekimbia kupasuliwa, unakubali kuchomwa?"

"Huyu hanilazi kitandani," akasema. "Hanifuniki uso."

Nilisimama mbele ya mwenyeji wetu, mwanamke mbele ya wanaume, jambo ambalo si adabu, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha skuli kwamba namshukuru, namuheshimu, na baba yangu hachomwi. Kisha Sheikh Humaid akaweka chuma chini, akasema binti ana haki juu ya baba yake, na akaagiza kahawa nyengine. Baba hakunisemesha mpaka Izki.

Izki tukapata pancha. Nilibadilisha gurudumu mwenyewe mbele ya duka la vitambaa, shangazi akinipa nati moja moja kutoka kwenye mtandio wake, na watu wawili waliojitolea kusaidia wakawa wanabishana juu ya jeki. Nilimfungulia baba mlango apunge hewa. Alipojaribu kushuka, mguu wa kushoto haukumfuata. Ncha ya kiatu ilikwaruza chini, akaanguka juu ya bega langu, na niliusikia uzito wake wote. Kwa mara ya kwanza katika safari ile nikaona kuna kitu chini ya hasira yangu, nacho kilikuwa hofu.

Nizwa tuliingia alasiri, mnara mkubwa wa ngome juu ya kila paa. Nilimuuliza muuza mbogamboga sokoni, "Mchina anakaa wapi?" Nilitarajia acheke. Akanyoosha mkono mara moja: nyuma ya msikiti, mlango wa kijani. Hata mtoto angeujua.

Ukumbini walikuwa wameshakaa wagonjwa wachache. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi nusu, na ndani mzee mmoja wa Nizwa amelala kifudifudi, vikombe vya gilasi vimemng'ang'ania mgongoni, ngozi imevimba ndani yake kama maandazi. Moshi mzito, mtamu na mchungu pamoja, ulikuwa unatoka humo.

Shangazi akavuta hewa. "Salma, hii si bangi?"

"Nyamaza, shangazi."

"Na vile vikombe, si kuumika kule? Bibi yetu alikuwa akiumika watu kwa pembe ya ng'ombe. Tumetoka Ibra kwa kuumika?"

Baba hakumsikia. Macho yake yalikuwa ukutani, palipotundikwa picha ya mtu aliyechorwa mistari mwili mzima, kutoka kichwani mpaka vidoleni, na vitone juu ya mistari, na maandishi ya Kichina pembeni. Uso wake ulikuwa umelainika. Alikuwa anaitazama picha ile kama mtu aliyeona nyumba ya kwao.

Kisha Mchina akatoka.

Alikuwa mwembamba, mweusi, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, na ndevu zinazoanza mvi. Akasema, "Karibuni. Samahani kwa kuwaweka," kwa Kiswahili cha Pemba kilichonyooka.

"Huyu nani?" baba akaniuliza.

"Mimi Hilal, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mchina yuko wapi?"

"Ndiye mimi. Watu wameniita hivyo, nimeshachoka kukataa."

Habari yake ilikuwa fupi. Alipokuwa kijana alipelekwa Uchina kusoma udaktari, akakaa huko miaka mingi, akasoma tiba ya kisasa na ile yao ya kale. Alipokuja Omani alipata kazi ya hospitali, na alasiri anatia sindano nyumbani kwake wanaomtaka.

Baba alinigeukia. "Mmanga kama mimi! Umenileta mpaka hapa kwa mtu wa Pemba!"

Eti mimi nimemleta! Nilitaka kukaa chini nilie. Daktari Hilal hakukasirika. Alimpa baba mkono kumsaidia kukaa, na mkono ule hakuuachia. Akaweka vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo. Muda mrefu. Kisha mkono wa pili. Akamwambia atoe ulimi, akautazama juu na chini. Akaanza kuuliza: unalala vipi, unaota nini, unasikia baridi au joto, mdomo una ladha gani, maumivu yanazidi asubuhi au jioni, huzuni unayo? Baba, aliyekuwa amenuna, akaanza kujibu. Akasema mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, kwamba anaota duka lake, kwamba miguu yake ina baridi tangu alipohamia Omani, nchi ya joto kuliko tanuri.

"Wachina wanasema mwilini kuna njia," daktari akasema, akionesha picha. "Nguvu inapita humo, kama maji ya falaj. Pakiziba, panauma."

"Usinieleze falaj," baba akasema. "Nieleze mguu wangu."

"Sawa. Nyanyua kidole gumba, nisukume."

Baba alikaza uso mpaka jasho likamtoka. Kidole hakikunyanyuka. Daktari akamsimamisha, akamwambia atembee kwa visigino. Mguu wa kushoto ukalala chini kama kiatu kitupu. Hapo uso wa daktari ulibadilika. Akatuomba mimi na shangazi tukae nje na mkewe.

Mkewe alitumiminia kahawa, nami nikaizungusha kikombeni bila ya kunywa. Daktari alipotoka alizungumza nami pembeni, kwa sauti ya chini. Alikuwa amemuuliza baba habari ya haja ndogo. Siku ya tatu sasa ilikuwa haitoki sawasawa, na sehemu anayokalia imekufa ganzi. Ndiyo maana alikuwa hanywi maji njiani. Aliona haya kuniambia.

"Sitamtia sindano," akasema Daktari Hilal.

"Hata ya maumivu?"

"Maumivu naweza kumpunguzia leo hii. Ndilo ninaloliogopa. Atalala vizuri, ataona amepona, na mishipa itakufa huku yeye amelala. Mwalimu wangu kule alitufundisha kwamba kabla hujashika sindano, ujue pale isipofika. Huyu anahitaji kisu, na anahitaji haraka. Nitawapigia simu hospitali wamngojee."

Tukaingia kumwambia. Baba alisikiliza, kisha akapiga fimbo sakafuni.

"Mchina wangu asingelikataa kunitibu."

"Mchina wako alikutibu bega, mzee. Ungelimpelekea mguu huu angekupakia garini kwa mikono yake."

"Weye umejuaje? Weye si Mchina."

Baba akainamisha kichwa, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hebu sema Kichina."

Daktari Hilal akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. Akamshika mkono, akasema maneno mengi kwa lugha ile inayopanda na kushuka, taratibu, akimtazama usoni. Baba alisikiliza na macho amefumba. Nadhani hakuwa Nizwa wakati ule. Alikuwa kwenye benchi la hospitali ya Unguja, hana duka, hana bega, na mtu wa kigeni anamuuliza kama moyo wake u mzima.

"Ndivyo walivyokuwa wakisema," akasema hatimaye. "Hasa hivyo. Umesema nini?"

"Nimesema: Mzee Nassor, usinichezee. Nenda ukapasuliwe, usiku wa leo usikukute njiani."

Shangazi akacheka, akaziba mdomo. Baba hakucheka. Alifungua macho, akamtazama daktari, kisha akanitazama mimi. Nilidhani atabisha. Nilikuwa nimeshapanga hoja zangu.

"Nikitoka huko, utanitia sindano?"

"Ukirudi hapa kwa miguu yako nitakutia mpaka uchoke."

"Basi, Salma," baba akasema, "mbona umekaa?"

Kutoka Nizwa tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa dada yake, na shangazi alikuwa akimpepea kwa pembe ya kanga na kumwambia habari za utoto wao. Izki ilipita, Bidbid ikapita. Hakuna aliyenifundisha kuendesha. Mara moja tu baba alisema, "Nenda mbio kidogo, mwanangu," na mimi niliyeyasikia maneno yake ya kila namna kwa siku zote zile, hilo ndilo lililonitia machozi.

Hospitalini yule daktari wa Kihindi alikuwa anatungojea. Hakugomba. Alisoma tena ile picha ya mgongo, akatazama mguu, akanitazama mimi, akasema tu, "Kwa nini mmechelewa?" Nilifikiri Sur, mzizi, makaa ya Samad, pancha. Nikasema, "Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia yaliyo moyoni." Akaelewa au hakuelewa, alikwenda kunawa mikono. Baba alipelekwa ndani kabla ya isha.

Haja ndogo ilirudi taratibu. Mguu ulirudi zaidi ya nusu. Kidole gumba hakikurudi, na anatembea kwa kiatu chenye chuma kidogo ndani. Daktari alituambia kwamba tungelisubiri zaidi angelikaa kitini maisha yake yote.

Miezi michache baadae tulikwenda tena Nizwa, safari hii kwa njia iliyonyooka na kwa kupiga simu kwanza. Baba aliingia mlango wa kijani kwa miguu yake. Daktari Hilal akamtia sindano kwenye goti, kwenye unyayo, mkononi, nyembamba kweli kama unywele, kisha akawasha majani makavu yaliyosokotwa kama sigara kubwa akayapitisha juu ya kiuno bila ya kugusa ngozi. Nikauliza ni majani gani kwa ajili ya shangazi, aliyekuwa bado ana shaka. Ni mmea wa porini tu, akasema, unapasha joto palipopoa. Katikati ya maelezo hayo tukasikia mkoromo. Baba alikuwa amelala fofofo, sindano zimemsimama mguuni. Nilitaka kumwamsha, tuna njia ndefu. Daktari akanizuia kwa kidole. "Hiyo ndiyo dawa yenyewe," akasema, tukakaa na kahawa mpaka alipoamka mwenyewe.

Nikiulizwa sasa nilichojifunza, nasema hivi. Sindano za Kichina zina kazi yake, kisu kina kazi yake, na mtu anayejua mpaka wa kazi yake ni adimu kuliko sindano na kisu. Nilijifunza pia kwamba mtu mzima aliyeogopa hashindwi kwa hoja, hata hoja iwe na picha ya mgongo ndani yake. Anataka ashikwe mkono kwanza, aulizwe analalaje. Hilo Wachina wameliweka mwanzo wa matibabu, kabla ya dawa yoyote, na sioni kwa nini sisi wengine tuliweke mwisho au tuliache kabisa.

Baba mwenyewe hakujifunza lolote. Wageni wakija nyumbani anawasimulia kwamba wazungu na wahindi walitaka kumkata bure, mpaka Mchina wa Nizwa akamponya kwa sindano. Kupasuliwa hakutaji hata kwa bahati mbaya, na kovu lake amelifunika. Mwanzo nilikuwa nikimsahihisha mbele ya watu, tukagombana. Siku hizi nameza hasira yangu, nawatia watu kahawa. Kwa sababu kisa hicho baba hakisimulii akiwa amekaa. Hukisimulia akiwa amesimama.